Upande wa Magari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kile kikohozi cha kitinda mimba wako kimeshatulia. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chake. Baba watoto anakusalimu, wapwa zako wanakusalimu, na cherehani yangu nayo ingekuwa na mdomo ingekusalimu, maana siku hizi ndiyo ninayozungumza nayo zaidi. Mama anaendelea. Neno hilo nimeliandika nikalifuta, nikaliandika tena, na nimeona niliache hivyo hivyo.

Najua unashangaa kupata barua wakati simu ipo. Dada, kwenye simu wewe hunikatiza, na mimi nikikatizwa hukimbilia utani, jambo lenyewe likabaki nyuma. Halafu tukiongea mama huwa ameketi pale pale, anasikia. Safari hii nataka unisikilize mpaka mwisho bila kunijibu. Ni habari ya miguu ya mama, na ya hiyo Jumamosi uliyopanga kuja kumchukua umpeleke kwenye ile nyumba ya wazee wasahaulifu. Soma yote kabla hujalipia gari. Nimeogopa kuiandika barua hii kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, na unanijua kwamba mimi si mwoga. Ni mimi niliyemfukuza nyoka jikoni kwa mwiko, wewe ukiwa umepanda juu ya meza.

Nianze na barabara, kwa sababu yote yametokea hapo. Ulipokuja mara ya mwisho ilikuwa bado ya vumbi, watoto wanachezea katikati. Sasa wameitia lami na kuipanua mpaka imefika ukutani kwetu. Tulishangilia, si unajua, tukapiga na picha. Lakini pa kukanyagia mtu wa miguu hawakuacha. Lami inaishia kwenye mtaro, na mtaro hauna mfuniko. Palipobaki upenyo kidogo wenye magari wanaegesha. Kile kijia cha nyuma, tulichokuwa tunapita kwenda sokoni, jirani mwenye ghorofa amekiziba kwa ukuta na kupanda vigae vya chupa juu yake. Kwa hiyo njia ni moja, nayo ni ya malori ya kokoto. Yanapita tangu alfajiri. Nikiwa nashona, dirisha linatetemeka na sindano nayo inatetemeka, na kila breki ikilia mguu wangu unaruka wenyewe kwenye pedali. Nimeshaharibu magauni ya watu kwa sababu hiyo.

Watu wameacha kutembea, dada. Mtu anataka chumvi dukani, duka analiona kwa macho yake pale ng'ambo, anaita pikipiki. Nami nimekuwa hivyo hivyo, na vazi langu la harusi ya binamu sasa halifungi hata nikivuta pumzi mpaka kesho. Muuguzi wa kliniki yetu, yule mwenye sauti ya kuamsha wafu, alisema foleni yake ya presha na sukari siku hizi inafika getini. Alisema anawaambia watu watembee, wanaitikia kwa adabu, halafu wanatoka pale na kupanda pikipiki, naye hawalaumu, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akija kazini kwa baiskeli na sasa baiskeli yake inalaliwa na kuku.

Mtu mmoja tu hakuacha, na unamjua. Mtu aliyekuwa tarishi maisha yake yote, akibeba mafaili kutoka ofisi hii hadi ile kwa miguu, jua na mvua, utamwambia nini kuhusu barabara? Mtaa mzima unamwita Bi Mwendo. Daktari alipomwambia kwamba sukari yake itashikika na damu ya miguuni itaendelea kupita iwapo tu atatembea kila siku, mama alicheka, akasema ndiyo mara ya kwanza ameandikiwa dawa anayoipenda. Daktari alimwonya jambo moja tu, kwamba asitoke na kiatu kingine chochote ila raba laini zilizofungwa vizuri, maana mwenye sukari akijichoma mguuni hasikii. Ndipo wewe ukatuma zile raba nyeupe. Dada, mama alizipenda raba zile kuliko anavyotupenda sisi. Kila jioni alizifuta kwa kitambaa chenye unyevu, akaziweka mlangoni zikitazama nje, akisema ziko tayari kabla yake.

Rafiki yake wa njiani alikuwa muuza mikate wa baiskeli. Asubuhi akipita anapiga kengele, mama anatoka, wanakwenda pamoja mpaka njia panda, yeye akikokota baiskeli ili wazungumze. Nilikuwa nawatania kwamba nitamdai muuza mikate mahari ya mama. Siku ile, dada, nilikuwa dirishani natia uzi. Lori lilikuja likikwepa gari lililoegeshwa. Sikusikia kelele, nilisikia bati tu likikunjika. Vumbi la kokoto lilitanda na nikaona mikate imetapakaa barabarani na gurudumu la baiskeli limesimama juu likizunguka. Mama sikumwona. Nilitoka mbio nikimwita mama kama mtoto aliyepotea sokoni. Vumbi lilipotua nilimwona ng'ambo ya mtaro, amesimama wima, ameshika mkate mmoja mkononi. Alikuwa ameruka mtaro. Katika umri ule.

Muuza mikate alivunjika nyonga. Yuko hai, anauzia mlangoni kwake akiwa amekaa, na baiskeli imetundikwa ukutani ikiwa imepinda. Dereva wa lori alisimama, akalia, akasema hakuwaona, na mimi nilimwamini, maana pale hapana mahali pa kumwona mtu. Lakini tangu siku ile hofu iliniingia, haijatoka hadi leo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Usiku mume wangu akigeuka kitandani nasikia bati. Nikaanza kumwomba mama asitoke, akaniambia alikuwa akikatiza mji na mafaili kabla mimi sijajua kutambaa. Nikafunga geti kwa kufuli, akapanda kwenye ndoo na kuwatangazia majirani juu ya ukuta kwamba amefungwa na mwanawe wa kumzaa. Aibu ile acha tu. Nilifungua. Akaenda, na mimi nikabaki nimeshika mkasi, sijui nakata nini, mpaka aliporudi.

Sasa nifike kwenye usahaulifu wake, ambao habari zake ulizipata kwangu. Ni kweli niliyokuambia: asubuhi alikuwa anaamka anazikosa raba mlangoni. Anatafuta chini ya kitanda, jikoni, bafuni, mpaka jua linapanda, halafu anakaa. Siku nyingine zinaonekana nyuma ya pipa la maji, au kabatini kwenye sufuria. Mwanzoni alibisha, akasema hapo hakuziweka yeye. Baadaye aliacha kubisha. Nikamwona anaogopa, dada, na mama yetu tangu lini anaogopa? Wakati wa chai alianza kujipima: anataja jengo la ofisi alilokuwa akifanyia kazi, orofa kwa orofa, mlango kwa mlango, nani alikaa wapi na nani alikunywa chai bila sukari. Hakukosea hata mlango mmoja. Akimaliza anauliza kwa sauti ndogo, sasa viatu nimeviweka wapi. Kutembea kukawa kwa nadra, Jumapili tu, malori yakiwa yamelala na baba watoto yupo wa kumshika mkono. Sukari ikapanda. Miguu ikaanza kuwa baridi, hata nikiikanda kwa maji ya moto.

Halafu ikaja siku niliyokwenda kumpelekea mteja nguo. Mama alizikosa raba kama kawaida, akachoka kukaa. Alivaa kandambili zangu za bafuni, zile zilizokatika mkanda nikaufunga kwa uzi wa cherehani, akatoka. Alitembea ukingoni, pale lami inapobomoka. Mkanda ukakatika. Alizibeba mkononi, akarudi nyumbani peku, na hakusema kitu kwa sababu hakuumia. Ndivyo alivyodhani. Mimi niligundua siku chache baadaye nilipokuwa nafua, nikaona soksi yake imeshikana kama iliyotiwa gundi, na harufu. Nilimvua soksi aliyokuwa ameivaa mguu ule, yeye mwenyewe akinitazama usoni, si mguuni. Kipande cha bati kilikuwa kimezama kwenye kidole gumba.

Kidole kimekatwa, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba daktari aliniita pembeni akaniuliza kwa nini aliacha kutembea, maana mara ya mwisho alipompima miguu yake ilikuwa ya msichana. Alisema kidonda kimekuta mguu umeshalala, damu haifiki vizuri, na kwamba iwapo hakitafunga watapanda juu zaidi. Aliweka kiganja chake juu ya kifundo cha mguu wake mwenyewe kunionyesha ni wapi. Niliulizwa kwa nini, nikajibu barabara. Alitikisa kichwa, akasema anasikia jibu hilo kila siku. Nilitoka pale nikakaa kwenye benchi la nje mpaka mfagiaji aliponiomba ninyanyue miguu.

Na mama sasa amekubali safari yako. Hapo ndipo nilipovunjika kabisa. Nilidhani atapigana, nilikuwa nasubiri apande kwenye ndoo tena. Badala yake alisema una haki, kwamba mtu asiyejua kiatu chake kiko wapi atawahatarisha wengine, ataacha jiko linawaka siku moja na wajukuu wamelala. Amekunja nguo zake. Amenipa ufunguo wa sanduku lake, ule asiompa hata baba alipokuwa hai, akaniambia nikae nao kabla hajausahau nao. Nilitaka kumtania kama kawaida yangu. Niliishia kuufunga ufunguo kwenye pindo la kanga.

Dada, kaa chini. Mama hajasahau kitu. Raba nilikuwa nazificha mimi.

Siku ya kwanza nilizitia kwenye gunia la vipande vya nguo chini ya cherehani, asubuhi moja tu, malori matatu yakiwa yamefuatana. Nilijua bila raba hatatoka, kwa kuwa daktari alimkataza. Nilitaka apumzike siku hiyo moja na mimi nipumue. Alizitafuta, akakaa, na malori yakapita, na mama alikuwa mzima ndani ya nyumba. Sijui kama utanielewa nikikuambia ilikuwa siku yangu ya kwanza kushona mshono ulionyooka tangu ajali. Kesho yake nikafanya tena. Jumapili nilizitoa, nikaziweka nyuma ya pipa, nikaacha azione mwenyewe. Aliposema hapo hakuziweka, nilicheka nikasema uzee huo, mama. Maneno hayo ndiyo ninayoyasikia sasa kuliko hata lile bati. Niliyasema kwa utani, nikamwona anayachukua, anakwenda nayo chumbani, na sikumfuata.

Nilikuwa naona anavyojipima kwa orofa za ofisi yake. Nilikuwa namimina chai. Ulipopiga simu ukaniuliza kama kweli ameanza kupotea, ningeweza kukwambia hapana, na nikasema ndiyo, kwa sababu hapana ingenitaka maelezo. Njia ya mwongo ni fupi, dada, lakini mimi niliirefusha mpaka ikafika kwenye mguu wa mama. Kandambili zilikuwa zangu, uzi ulikuwa wangu. Nilimzuia asigongwe, nikampeleka taratibu kwenye kisu kwa mkono wangu. Watu wa mtaa wanakuja kunipa pole. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini wao hawajui, nami napokea.

Basi hapo ndipo nilipokuwa nimeishia jana, nikapanga nitie barua kwenye bahasha, wewe uje, wewe umwambie. Ndiyo, nilipanga hivyo. Nilikuwa namwogopa kuliko malori. Lakini leo mchana, akiwa amekaa kitandani, aliniona nimeinama mezani, akaniuliza ninamwandikia nani barua ndefu hivyo wakati simu ipo. Nikasema dada. Akasema nimsomee salamu zake zilipo ili ahakikishe hazijaachwa. Nilifungua mdomo nitafute uongo mwingine, nikakuta umeisha. Nikamsomea yote, tangu shikamoo.

Hakunikatiza. Niliposoma habari za mahari ya muuza mikate alitabasamu kidogo. Nilipofika kwenye gunia la vipande vya nguo aligeuza uso akatazama cherehani, na mikono yake iliyokuwa juu ya shuka ikatulia. Nilisoma mpaka mwisho bila kunyanyua macho. Nilingoja anipige, au alie, au amwite baba watoto. Aliniambia nirudie pale nilipoandika kwamba hajasahau kitu. Nikarudia. Akaomba tena, na safari hii alifumba macho. Nilipomaliza akaanza kutaja lile jengo, kuanzia mapokezi, mlango kwa mlango, polepole, mpaka chumba cha juu kabisa cha mafaili. Alipomaliza hakuuliza viatu viko wapi. Aliniambia nivilete.

Raba ya kushoto aliivaa mwenyewe akafunga kamba. Ya kulia haikuingia kwa sababu ya bandeji, akaiweka mapajani. Nilipiga magoti kumwomba radhi, akanizuia kwa mkono, akasema hilo tutalizungumza siku akiwa amesimama, kwamba hawezi kumhukumu mtu akiwa amekaa. Kisha akaomba ufunguo wa sanduku lake. Nimempa.

Amenituma nikuandikie kwamba haendi kokote Jumamosi, na kwamba kama umeshalipia gari basi lije likiwa na wewe tu na nguo za kukaa. Nguo zake amezikunjua mwenyewe. Kidonda tunakiosha asubuhi na jioni, muuguzi anasema nyama imeanza kuwa nyekundu, ambayo ni habari njema, lakini hajaapa, na mimi simshiki kwa neno. Amesema kikifunga tu lazima mguu utembezwe, la sivyo kitarudi. Baba watoto amefunika mtaro kwa mbao mbele ya nyumba yetu. Ni hatua chache, ukimaliza mbao uko barabarani tena, lakini jirani wa pili naye amekuja kuuliza mbao zilinunuliwa wapi.

Mama tayari anazungumzia kwenda mpaka kwa muuza mikate kumsalimu. Dada, sikudanganyi, ninapoandika haya lori limepita na dirisha limetetemeka na mguu wangu umeruka. Hofu haijanitoka na sidhani itanitoka. Ila raba zitakaa mlangoni, zikitazama nje, na siku atakayozivaa zote mbili nitafunga mashine nitoke naye. Nimemwambia atembee upande wa mtaro. Upande wa magari nitakuwa mimi.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na yule mdogo mpe maji ya vuguvugu kabla ya kulala, kikohozi hakipendi baridi. Mama anakusalimu sana, na amenihimiza niandike kwamba salamu hizi amezitoa akiwa na akili zake timamu.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea, anayekungoja,

Fundi cherehani wako